Pasteli zangu zinageuka tope: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga. Nachora kwa penseli tangu nikiwa sekondari. Mwaka huu mjomba wangu aliyeko Uholanzi aliniletea boksi la pasteli laini, vijiti vifupi 30. Nimezijaribu kwenye karatasi ya printa na kwenye manila, lakini rangi haishiki, vumbi linajaa mezani, na nikisugua kwa kidole ili rangi zichanganyike, picha nzima inakuwa ya kijivu kama tope. Rafiki yangu ananiambia nipulizie spreyi ya nywele. Ninachotaka hasa ni kumchora bibi yangu kwa rangi, maadamu bado yupo na ana subira ya kukaa nimchore. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya yote nataka ujue kwamba mkono wako hauna kosa. Mtu aliyeshika penseli miaka yote hiyo amekwisha jifunza kuangalia, na hiyo ndiyo kazi ngumu. Kosa liko kwenye karatasi, na kidogo kwenye kile kidole. Tukielewana juu ya hivyo viwili, mengine yatanyooka.

Tuanze na kitu chenyewe ulichonacho mkononi. Pasteli laini ni unga wa rangi, wa aina ile ile inayotiwa kwenye rangi za mafuta na za maji, uliochanganywa na chaki au udongo mweupe pamoja na gundi kidogo mno, ukakandwa kama donge la chapati, ukaviringishwa, ukaachwa ukauke. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiitaliano, pastello, na maana yake inarudi huko huko kwenye kitu kilichokandwa. Ile gundi kidogo kazi yake ni kukifanya kijiti kisikumeng'enyukie mkononi. Haitoshi kuigandisha rangi kwenye karatasi. Rangi ya mafuta hushika kwa sababu mafuta yake hukauka yakawa utando. Rangi ya maji hunywewa na nyuzi za karatasi. Pasteli haina msaada wa namna hiyo. Ni chembe kavu zilizokaa juu ya karatasi kwa kuwa karatasi imezishikilia, na isipozishikilia zinaishia mezani, kama ulivyoona.

Hapo hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kwa kuwa chembe hizo hazikufunikwa na mafuta wala vanishi, mwanga unazigonga moja kwa moja na kurudi machoni. Ndiyo maana pasteli nzuri inawaka hata kwenye chumba chenye mwanga hafifu, na ndiyo maana picha za pasteli zilizochorwa Ulaya karne ya 18 hazikugeuka njano kama zilivyogeuka nyingi za mafuta.

Hakikisha kwanza kwamba ulizonazo ni laini kweli, maana katika maduka mengi ya vifaa vya shule ninayoyajua, ukiulizia pasteli unapewa za mafuta. Fikicha kijiti kwa kidole gumba. Kikiacha unga mkavu kama podari, ni laini. Kikiacha utelezi unaonata kama nta, ni cha mafuta, na nitakayoyasema hapa hayakihusu. Kwa vumbi ulilolieleza, sina shaka zako ni laini. Na kama mjomba alikuletea zile za Rembrandt zinazotengenezwa na Royal Talens huko huko Uholanzi, amekuchagulia vizuri: si laini kupita kiasi, zinafaa sana kwa mtu anayeanza.

Sasa karatasi. Karatasi ya printa na manila zimelainishwa kiwandani ili wino na kalamu viteleze juu yake. Pasteli inataka kinyume chake. Inataka karatasi yenye mkwaruzo, yenye vishimo na vinundu vidogo ambavyo chembe zinajificha ndani yake. Pitisha ncha za vidole juu ya karatasi huku umefumba macho: kama husikii kitu, pasteli nayo haitasikia kitu. Karatasi laini inabeba tabaka moja la rangi na kidogo zaidi. Ukiongeza la pili, unasukuma lile la kwanza tu. Hilo ndilo tope lako, hata kabla kidole hakijagusa.

Mojawapo inayotumiwa sana na wanaoanza ni Mi-Teintes ya kampuni ya Canson ya Ufaransa, yenye uzito wa gramu 160 kwa mita ya mraba, na inatoka kwa rangi nyingi. Ina sura mbili. Upande mmoja una vishimo vilivyopangika kama sega la nyuki, na upande wa pili una mkwaruzo mdogo usio na mpangilio. Jaribu upande huo wa pili kwanza. Wengi wanaanza na upande wa sega, kisha wanashangaa kwa nini uso wa mtu umejaa vitone kama umechomwa sindano. Mjomba akiuliza akuletee nini safari ijayo, mwambie hiyo, ya kahawia, ya kijivu na ya buluu iliyopoa, si nyeupe. Zipo bora kuliko hiyo, zilizopakwa tabaka maalumu la kushika rangi juu yake kama Pastelmat ya Clairefontaine, lakini bei yake inamfanya mwanafunzi aogope kukosea, na wewe sasa unahitaji kukosea sana.

Usisubiri mjomba lakini. Nenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ununue msasa laini mweusi, ule wanaotumia mafundi wa kupiga rangi magari, namba 400 au 600. Karatasi chache tu. Utashangaa jinsi pasteli inavyoukamata, tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa msasa ni mweusi, rangi zako zitaonekana kama taa za mashua baharini usiku. (Neno hilo msasa ni la mti kwanza: majani ya msasa yanakwaruza kiasi kwamba mafundi seremala walikuwa wakisugulia mbao kabla ya msasa wa dukani kufika. Mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba nachora juu ya jina la mti.) Mambo mawili ya kuangalia: msasa unakula vijiti haraka, na usiuguse kwa kidole kwa kusugua, utajichubua. Tena ni wa mazoezi tu, kwa sababu haukutengenezwa udumu miaka mingi. Karatasi nene ya rangi za maji yenye mkwaruzo nayo inafaa, ukiipaka kwanza maji ya rangi ya kahawia na kuiacha ikauke kabisa. Karatasi ya kaki inafaa kwa majaribio ya haraka. Ukipata jeso ya akriliki, ile rangi nzito ya kutayarishia ubao kabla ya kuchora, ipake juu ya hadibodi kwa brashi ngumu, mara mbili, ukiacha mistari ya brashi ionekane. Hapo utapata ubao ambao hautajikunja hata masika.

Kwa nini nasisitiza karatasi yenye rangi? Kwenye karatasi nyeupe, kila rangi unayoweka inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, na weupe unaochungulia kwenye vishimo unakusumbua mpaka unaanza kusugua ili kuuficha. Kwenye karatasi ya kahawia, kinachochungulia ni kahawia, na jicho linakikubali kama kivuli au kama joto la ngozi. Karatasi inakuwa inakufanyia nusu ya kazi.

Vumbi tuliseme mapema, na wewe kama muuguzi utanielewa upesi. Vumbi la pasteli ni laini mno, linaingia mapafuni, na baadhi ya rangi zimetengenezwa kwa madini yasiyofaa kuvutwa, kama kadmiamu. Angalia kama boksi lina alama ya AP, ambayo inaonyesha zimepimwa na hazina sumu ya kutia wasiwasi. Hata ikiwepo, usipulize picha kwa mdomo kamwe. Kila mtu anapuliza, ni mazoea tuliyoyatoa ubaoni shuleni. Badala yake, simamisha ubao wima, au uulaze nyuma kidogo tu, ili vumbi lianguke chini, na ukunje karatasi kama mfereji uibandike chini ya picha lidondokee humo. Ukitaka kuondoa lililolegea, toa picha nje na uigonge mgongoni. Zima pangaboi. Najua joto la Tanga, lakini pangaboi likizunguka juu ya pasteli utakula rangi hiyo na chakula cha mchana. Meza ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, usiifagie ikiwa kavu. Nawa mikono vizuri kabla ya kula, maana sisi tunakula kwa mkono.

Sasa tuchore. Usimguse bibi bado. Tafuta embe dodo, lile lililoiva upande mmoja, kijani kikiwa kinageuka njano na shavu lina wekundu. Liweke juu ya karatasi ya kaki kando ya dirisha moja, saa tatu asubuhi, taa ya umeme ikiwa imezimwa. Unataka mwanga utoke upande mmoja tu.

Kabla ya kuanza, toa vijiti vyako vyote kwenye boksi. Vilivyo na karatasi vimenyue. Kama vipo virefu, vivunje. Najua inauma kuvunja kitu kipya, ila kipande cha sentimita mbili au tatu ndicho kinachokupa ubavu wa kuchorea, na pasteli inachorwa kwa ubavu zaidi kuliko kwa ncha. Wewe mtu wa penseli utataka kushika kwa ncha. Jizuie. Halafu vipange, si kwa majina ya rangi bali kwa giza na mwanga: vya giza kushoto, vya katikati katikati, vya mwanga kulia, buluu ya giza ikikaa jirani na zambarau ya giza na kijani cha giza. Ukitaka kujua kama umepanga sawa, vipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Utaona vile vilivyokosea njia. Zoezi hilo moja linafundisha kuliko somo langu la saa nzima.

Chora umbo la embe kwa kijiti cha rangi hafifu au kwa mkaa mwembamba wa kuchorea. Penseli iache kwenye mkebe. Risasi ya penseli inateleza, pasteli haitaki kukaa juu yake, na mstari wake utaendelea kung'aa chini ya rangi mpaka mwisho. Mistari michache inatosha. Sasa kaza macho mpaka yawe karibu kufumba. Embe litapoteza madoa na vitone vyake, litabaki na sehemu tatu: upande wa mwanga, upande wa kivuli, na kivuli kilicholala juu ya meza. Hizo tatu ndizo picha yako. Ukizipata, hata rangi zikikosea embe litakaa mezani. Ukizikosa, hakuna rangi itakayoliokoa.

Anza na giza. Chukua kijani cha giza, kiweke ubavu, na ukiparaze juu ya upande wa kivuli kama unavyopitisha kiganja juu ya kichwa cha mtoto aliyelala. Usikandamize. Karatasi inapaswa kuonekana katikati ya rangi. Juu yake paraza nyekundu ya giza, ya damu ya mzee, bado kwa wepesi. Usisugue. Rudi nyuma hatua tatu uangalie: kijani na nyekundu zimekutana machoni pako zikawa kivuli kizito, chenye uhai, ambacho nyeusi ya kwenye boksi isingekupa. Hicho kijiti cheusi kiweke kando mwezi mzima wa kwanza. Kivuli cha mezani nacho kifanye kwa kahawia na zambarau, na pale kinapokutana na tumbo la embe upande wa giza, usiweke mpaka. Acha viungane. Jicho litautafuta mpaka huo lenyewe, na kwa kuutafuta litaona uviringo.

Kisha upande wa mwanga: kijani cha kawaida, halafu njano, halafu rangi ya chungwa kwenye shavu. Sasa unaweza kuongeza mkono kidogo. Chini kabisa ya embe, ndani ya kivuli, tazama vizuri: kuna mwanga hafifu wa kahawia unaorudi kutoka kwenye ile kaki. Mguso mmoja tu hapo, wa giza kuliko unavyodhani. Mwisho kabisa ndipo weka kile kinachong'aa juu ya ganda. Wengi huchukua nyeupe. Angalia kwanza: mwanga wa dirishani unatoka angani, na mng'ao wake kwenye embe una ubuluu ndani yake. Chukua buluu hafifu kuliko zote ulizonazo, uiweke mara moja, ubonyeze, uondoe mkono. Usirudie. Mguso huo ukiurudia mara tatu unakuwa doa la chokaa.

Dakika arobaini zinatosha. Lichore embe hilo mara tano katika siku tano kabla halijaoza.

Tope sasa. Umeona hatukusugua popote. Unaposugua kwa kidole, unafanya mambo matatu kwa pamoja: unajaza vishimo vya karatasi ili visipokee tena, unatandaza chembe zikalala bapa zisirudishe mwanga, na unachanganya rangi zinazopingana, kijani na nyekundu, njano na zambarau, ambazo zikisagwa pamoja lazima zife kijivu. Rangi zile zile zikilala kando kando au zikipitana kwa mistari bila kusagwa zinaimba. Edgar Degas, Mfaransa aliyefariki mwaka 1917, alijenga picha zake za pasteli kwa mistari juu ya mistari, akipulizia dawa ya kushikiza katikati ya tabaka ili la juu lipate pa kushika. Ukizitazama karibu unaona kama nyuzi za ukili zilizosukwa. Jean-Siméon Chardin, aliyezaliwa 1699, alipaka rangi za mafuta karibu maisha yake yote, macho yakaanza kumsumbua uzeeni, akahamia pasteli akiwa amepita miaka 70. Picha aliyojichora mwaka 1771, miwani ikiwa puani na kitambaa cheupe kichwani, ipo kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, na mistari ya rangi imeachwa waziwazi usoni.

Sitakudanganya kwamba kusugua ni mwiko kwa kila mtu. Jean-Étienne Liotard wa Geneva, katika karne hiyo hiyo ya 18, alilainisha pasteli zake mpaka huoni mkono ulipita wapi. Yule msichana wake aliyebeba sinia la chokoleti, picha iliyoko Dresden, Ujerumani, unadhani ni kioo. Lakini Liotard alijua hasa wapi pa kulainisha na kwa rangi gani. Kwa mwaka wako wa kwanza, ruhusu kidole kwenye tabaka la chini kabisa tu, mahali pa mandhari ya nyuma, kisha kidole kirudi mfukoni.

Na picha ikishajaa kabla hujamaliza? Usiongeze. Itoe nje, uvae barakoa, uifute sehemu hiyo kwa brashi ngumu kavu kutoka juu kwenda chini. Itabaki alama hafifu ya rangi, na juu yake unaweza kuanza upya. Raba ya kawaida inakandamiza rangi ndani zaidi. Kama utapata ile raba laini inayofinyangwa, hiyo unaibonyeza tu na kuiinua, bila kusugua.

Rafiki yako na spreyi ya nywele ananitia wasiwasi, ingawa ushauri huo ni wa zamani na nilishaufuata mwenyewe. Kumbuka mchanga wa ufukweni. Ukiwa mkavu ni mweupe, wimbi likipita unakuwa wa kahawia, na ni mchanga ule ule. Maji yamejaza hewa iliyokuwa kati ya chembe, na mwanga hauruki tena kama mwanzo. Dawa yoyote unayopulizia pasteli inafanya hivyo hivyo, hata ile fiksativu halisi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: inatia giza, hasa kwenye rangi za mwanga, na giza hilo haliondoki. Spreyi ya nywele inaongeza mabaya yake. Ina manukato na vitu vya kulainisha nywele, inatoka kwa matone yanayoacha madoa, na baada ya muda inaweza kugeuka njano. Kwa mazoezi ya kutupa, fanya utakavyo. Kwa picha ya bibi, hapana. Kama una fiksativu ya kweli, ipulizie kwa umbali wa mkono mmoja, nje, kwa wepesi, wakati picha bado haijaisha, kisha uweke rangi za mwanga za mwisho juu yake na usipulizie tena. Kama huna, acha tu. Kinachoilinda pasteli ni kioo.

Hapa nikueleze lililonikuta. Picha ya kwanza ya pasteli niliyoipenda ilikuwa ya ngalawa iliyolala upande wakati maji yamekupwa, niliichora Msasani. Nikaipeleka kwa fundi fremu, akaibana moja kwa moja kwenye kioo, nami sikujua la kumwambia. Ilikaa ukutani masika moja. Nilipoona vidoa vya kijivu kwenye anga nikaifungua: ukungu ulikuwa umeota kwenye karatasi, na nusu ya tanga ikabaki kwenye kioo. Bado ninayo. Siku hizi kila fundi namwambia kabla hajapima: kati ya picha na kioo lazima kuwe na nafasi. Kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati inatosha, ikiwa ya milimita tatu au zaidi. Nyuma ya fremu bandika vipande viwili vya kizibo kwenye kona za chini ili hewa ipite ukutani. Tanga kama Dar, kama Mombasa, hewa ina chumvi na maji, kwa hiyo usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje, wala mahali panapoingia jua la moja kwa moja, maana baadhi ya rangi hupauka. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Viweke kwenye sanduku unalohifadhia picha zisizo na fremu, kila moja ikiwa imefunikwa karatasi ya kutresi na imelala bapa.

Vijiti vikichafuka kwa kugusana, vitie kwenye mkebe wenye mchele, utikise polepole. Vitatoka vimetakata. Mchele huo usiupike.

Twende kwa bibi. Kwenye seti nyingi utakuta kijiti ambacho dukani wanakiita rangi ya ngozi, nacho ni cha waridi hafifu. Hakimhusu bibi yako, ingawa kitakufaa kwenye kanga. Kosa kubwa ninaloliona kwa wanafunzi wangu wanapochora uso mweusi ni kuchukua kahawia moja, kuongeza nyeusi kwa kivuli na nyeupe kwa mwanga. Uso unatoka kama kinyago kilichopakwa majivu. Mketishe karibu na dirisha, ubavu wake mmoja ukiwa kwenye mwanga, kisha utazame kabla ya kushika kijiti. Kwenye paji la uso na juu ya mfupa wa shavu, pale ngozi inapong'aa, utaona buluu ya anga, wakati mwingine kijivu chenye urujuani. Pale mwanga unapogeukia kivuli ndipo palipo na joto: nyekundu ya matofali, chungwa iliyoiva sana. Ndani ya kivuli, chini ya taya na pembeni ya pua, kuna zambarau ya giza na kijani cha giza. Kwenye masikio, mwanga ukipita kwa nyuma, kuna wekundu. Ni kazi ile ile uliyoifanya kwenye embe, ndiyo maana nilikutuma kwenye embe.

Utahitaji rangi za giza kuliko zilizomo kwenye boksi, kwa sababu seti nyingi zimejaa za kati na za kung'aa. Mjomba akikubali kukununulia vijiti vitano tu vya ziada, awe na hivi: zambarau ya giza, kijani cha giza, buluu ya giza, kahawia nyekundu ya giza, na kimoja hafifu sana, chenye ubuluu. Hicho hafifu kiwe cha aina laini kabisa, kama Sennelier au Schmincke. Ngumu hutangulia chini, laini humalizia juu. Ukigeuza, laini iliyo chini inateleza na ngumu haishiki.

Kanga yake usiihesabu maua. Fanya pindo kwa mistari michache yenye nguvu, mji uwe wepesi, na jina uliguse tu kama alama za giza. Anayejua kanga atajua pana maneno pale. Nywele nyeupe zilizochungulia kwenye kitambaa ziache mpaka mwisho, mistari mitatu au minne, kwa ncha.

Kaeni barazani, upepo ukitoka kwake kuja kwako, ili vumbi lisimfikie kifuani. Dakika ishirini, kisha mapumziko na chai, kisha ishirini nyingine. Weka alama ya chaki sakafuni miguu ya kiti ilipo, akirudi akae pale pale. Na siku ya kwanza uache uso kabisa. Chora mikono yake ikiwa mapajani: ina mwanga wote huo na vivuli vyote hivyo, haina wasiwasi wa kufanana, na yeye atapata nafasi ya kuzoea kutazamwa.